Maswali yenu: Nimefunga, nimekesha, mbona imani haikui?

Toleo hili barua zimekuja nyingi za aina moja, watu wameokoka miaka sasa na wanaona wamekwama palepale. Nimechagua nne. Majina nimeyaondoa kama kawaida yetu na barua ndefu nimezipunguza, mnisamehe mnaoandika kurasa sita.

Bwana Yesu asifiwe mama. Mimi niliokoka 2017 kwenye mkutano wa injili hapa Mwanza. Miaka ya mwanzo nilikuwa na moto kweli, naomba naona majibu, Biblia nasoma mpaka mboga inaungua. Sasa hivi sijui kumetokea nini. Mkesha naenda kila Ijumaa, mwezi wa kwanza nimefunga siku 21 na kanisa zima, semina sikosi, nipo kwenye magrupu matatu ya maombi WhatsApp, lakini moyo mkavu, nikiomba naona kama naongea na bati. Mmoja kaniambia nina vifungo vya ukoo nitafute maombi ya ukombozi, mwingine anasema ni kipindi tu kitapita. Nimejichunguza sioni dhambi, labda lile la kikoba, nilikuwa mhazini, tulipovunja mwaka juzi ikabaki laki na themanini ya mfuko wa jamii hakuna aliyeiulizia nikalipia ada ya mtoto, ila hiyo nilishatubu kwa Mungu kwa machozi kwa hiyo sidhani kama inahusika. Nifanye nini imani yangu ikue tena? – Dada wa Igoma, Mwanza

Amina dada yangu. Umeandika mistari mingi kuhusu mikesha na semina, halafu mstari mmoja kuhusu kikoba, na huo mmoja ndo umeuwekea "sidhani kama inahusika". Inahusika dada.

Kabla hujanikasirikia ngoja niseme hivi. Sisemi Mungu amekufungia mbingu kwa sababu ya laki na themanini. Moyo kukauka kuna sababu nyingi, mwingine amechoka tu, analala saa nane usiku saa kumi na moja yuko jikoni, mwingine amefiwa, mwingine anaumwa na hajui. Zaburi ya 88 mtu analia kwa Mungu mwanzo mpaka mwisho na inaishia gizani, hakuna haleluya hata moja, na hakuna aliyeitoa kwenye Biblia. Marafiki wa Ayubu nao walikaa wanamtafutia dhambi mtu ambaye hana, na mwishoni wao ndo waliokemewa. Kwa hiyo anayesoma hapa na moyo wake ni mkavu asianze kujichimba kutafuta kosa ambalo halipo. Lakini wewe hukuchimba, umelitaja mwenyewe bila kuulizwa.

Sasa twende Luka 17, maana hapo kuna watu waliomba kitu unachoomba wewe. Mitume walimwambia Bwana awaongezee imani. Wahubiri wengi tukifika hapo tunakimbilia chembe ya haradali na mti wa mkuyu kung'oka, tunaruka kilichotangulia. Kilichotangulia ni kwamba Yesu alikuwa ametoka kuwaambia ndugu yako akikukosea mara saba kwa siku moja, na mara saba akaja kusema nimetubu, msamehe. Siku moja hiyohiyo! Hapo ndo wakashtuka wakaomba imani. Hawakuiomba ili wafanye miujiza mikubwa, waliiomba kwa sababu wameagizwa jambo zito kuhusu mtu anayewaudhi, wakaona haliwezekani mpaka waongezewe kitu kwanza.

Na Yesu hakuwaongezea. Soma uone, hakuwawekea mikono wala hakuwaambia wafunge. Aliwaambia hata imani ndogo kabisa inatosha, halafu akawapa habari ambayo sisi tunaisoma kama vile ni jambo lingine, habari ya mtumwa ametoka kulima au kuchunga, anarudi nyumbani amechoka na hakai mezani kwanza, anajifunga anamhudumia bwana wake, na akimaliza anasema nimefanya tu yaliyonipasa. Mimi naielewa hivi: mmeambiwa msamehe, nendeni mkasamehe, imani mliyonayo inatosha kwa kazi hiyo. Imani inakua mkiwa mnaifanya ile kazi, haigawiwi kwanza kama mbolea ya ruzuku ndipo mtu aingie shamba.

Ndo maana mikesha yako haikusogezi. Sio kwamba mkesha ni mbaya, mimi mwenyewe nakesha. Ila wewe unamwomba Mungu akwambie neno jipya wakati lile alilokwambia mwaka juzi bado lipo mezani na unalikwepa kwa adabu. Mathayo 5 Yesu anasema unapeleka sadaka madhabahuni, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache palepale uende mkapatane kwanza. Na kumbuka aliokuwa anawaambia ni watu wa Galilaya, madhabahu iko Yerusalemu, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Yani mtu ameshafika, mnyama kashamnunua, halafu anaambiwa aache arudi kijijini kwao kwa jirani. Hakusema malizia ibada halafu utaona.

Umesema ulitubu kwa machozi, naamini, na naamini Mungu amesamehe. Lakini hela haikuwa ya Mungu, ilikuwa ya wamama wenzako. Mfuko wa jamii kila mtu anajua ni wa nini, msiba, mtoto kulazwa, na mara nyingi ni buku ya kila kikao, kwa hiyo ulichokaa nacho ni kama michango 180 ya buku moja moja, na katika hizo zipo zilizotoka kwenye mauzo ya dagaa siku ambayo dagaa haikutoka. Kwenye Hesabu 5 torati ilimtaka mkosaji aungame, arudishe chote na aongezee sehemu ya tano, na amkabidhi yule aliyemkosea. Kwako ingekuwa 216,000. Hatuko chini ya torati ya Musa na sikutozi hiyo 36,000 ya juu, nataka tu uone kwamba Mungu hakuwahi kuhesabu kutubu na kurudisha kama mambo mawili ambayo mtu anachagua moja. Zakayo hakuambiwa na mtu, alisimama mwenyewe akasema nusu ya mali yangu kwa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne, na hapo ndipo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilielewa hili kuliko sisi. Simeoni Nsibambi wa Uganda na yule daktari mmisionari Joe Church walikutana Kampala 1929 wakakaa wanasoma Biblia na kuomba, na miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini kule Rwanda, ukaenda Uganda, ukaingia Bukoba, ukafika Kenya. Mahubiri yalikuwepo na nyimbo zilikuwepo, lakini kilichowaduwaza majirani ambao hata kanisani hawaendi ni kuona watu wanarudisha vitu, mtu anamwendea mwajiri wake au jirani anasema hiki nilikuibia, hiki hapa. Wenyewe waliita kutembea nuruni. Siku hizi tumebaki na nyimbo zao, kurudisha vitu tumewaachia polisi.

Sasa kivitendo. Kama mume yupo na hajui, mwambie yeye kwanza, asije akalisikia kisimani. Halafu nenda kwa mwenyekiti wenu wa kikoba, nenda kwa miguu yako, usimtumie kwa simu kimyakimya ili ujione umemaliza. Sema hivi tu: "Mama mwenyekiti, tulipovunja mfuko wa jamii ulibaki na laki na themanini, nilikaa nayo nikaitumia, naombeni radhi na nataka kuirudisha." Halafu nyamaza. Ada ya mtoto usiitaje mpaka uulizwe, maana tukianza na ada tunakuwa tumeshajitetea kabla ya kuomba radhi. Kama huna yote sema utatoa elfu thelathini kila mwezi miezi sita, na ukifika mwezi wa nne wa kulipa na hela imebana uitoe vilevile, maana hapo ndo utii wenyewe ulipo, ile siku ya kwanza ya machozi na kukumbatiana mtu yeyote anaiweza. Na kanisani usitoe ushuhuda wowote kabla wenye hela hawajaambiwa.

Sikuahidi kwamba moto utarudi jioni hiyo. Inawezekana utakachopata mwanzoni ni fedheha, utavuliwa uhazini, kuna mmoja atalisambaza sokoni kabla hujafika kwako. Vumilia. Ila ukifungua Biblia usiku ule hutakuwa na mahali pa kuruka, na mtu asiyekuwa na mahali pa kuruka anaanza kusikia tena.

Vifungo vya ukoo waachie kwanza. Babu yako hakuwa mhazini wa kikoba.

Shalom mchungaji. Nina miaka 26, nimemaliza ualimu, nimepata nafasi ya kufundisha shule binafsi Songea lakini pia mjomba anataka nibaki Dar nimsaidie duka lake la spea za pikipiki Kariakoo. Nimeomba miezi mitatu Mungu aniambie niende wapi, kimya. Nataka sana kumtii ila namtiije mtu ambaye hasemi? – Kijana, Mbagala

Marahaba mwanangu, hata kama hujaniamkia.

Mungu amesema mengi sana, hajasema tu hilo la Songea. Fungua 1 Wathesalonike 4, Paulo anaandika wazi kabisa kwamba mapenzi ya Mungu ni mtakaswe, mwepuke uasherati. Sura ya 5 anasema shukuruni kwa kila jambo maana ndiyo mapenzi ya Mungu kwenu. Mika 6:8 mtende haki, mpende rehema, mwende na Mungu kwa unyenyekevu. Hayo hayahitaji miezi mitatu ya maombi, yanahitaji leo mchana. Nikuulize, huyo binti mnayeishi naye kama mke mnasema mtafunga ndoa mambo yakikaa sawa (sijui kama unaye, lakini wengi wanaoniandikia swali hili wanaye) mmefikia wapi? Au ile elfu hamsini uliyokopa kwa mwenzako wa chuo ukabadilisha laini? Anayemtii Mungu kwenye yaliyoandikwa, haya ambayo hayajaandikwa anayaamua bila kutetemeka sana.

Na Songea na Kariakoo zote ni kazi halali. Kwa hiyo uliza maswali ya kawaida. Mjomba anauza spea feki kwenye boksi la orijino? Kama ndiyo, hapo umeshajibiwa. Shule inalipa kwa wakati? Waulize walimu waliopo sasa, usimuulize mwenye shule. Kuna mzazi anayekutegemea Dar? Halafu amua, mwambie mjomba kwa heshima, uende. Kwenye Matendo 16 Paulo na wenzake walizuiwa kuhubiri Asia, wakajaribu kuingia Bithinia wakazuiwa tena, wakateremkia Troa, na ni kule Troa ndipo usiku akaona maono ya mtu wa Makedonia. Lakini wale walizuiwa wakiwa barabarani. Wewe upo kitandani Mbagala unasubiri kuzuiwa. Ofa ya shule ina tarehe mwanangu, itazame.

Mama mchungaji shikamoo. Mtumishi wa kanisa letu anafundisha kwamba imani inakua kwa utii, na utii unaanza kwa yeye aliyewekwa juu yetu. Mwezi uliopita alitangaza kila familia itoe sadaka ya utii, nikamwambia sina kitu, akaniambia "una kiwanja". Kiwanja kweli tunacho, tulinunua mimi na mume wangu tumjengee mama mkwe vyumba viwili maana anaumwa sukari na anaishi peke yake. Akanisomea Waebrania 13:17 watiini wenye kuwaongoza, akasema nikikataa nisije kumlaumu kwa yatakayonipata. Siwezi kulala. Naogopa kumwasi Mungu. – Mama wa wanne, Morogoro

Marahaba mwanangu. Usiuze kiwanja. Nimetanguliza jibu ili ulale, maelezo utayasoma kesho.

Tuanze na mama mkwe maana ndiye aliyesahauliwa kwenye hii hadithi. Marko 7 Yesu aliwakuta Mafarisayo na utaratibu wao mzuri wa kidini, mtu alikuwa anaweza kumwambia baba yake au mama yake kile ambacho ningekusaidia nacho ni Korbani, yani kimeshatolewa kwa Mungu, na wakamruhusu asimsaidie mzazi tena. Yesu akasema mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Sasa hebu kiweke kiwanja chako hapo. Vyumba viwili vya mwanamke mgonjwa wa sukari vinaitwa sadaka ya utii, na amri ya tano inakaa pembeni. Sijui Yesu angesema nini kipya hapo, alishasema.

Waebrania 13:17 ipo, siifuti. Lakini aya inasema viongozi hao wanakesha kwa ajili ya roho zenu kama watu watakaotoa hesabu. Na juu kidogo, aya ya 7, mmeambiwa mtazame mwisho wa mwenendo wao ndipo muige imani yao, maana yake kuwakagua ni sehemu ya agizo. Petro naye kwenye barua yake ya kwanza sura ya 5 anawakataza wazee kujifanya mabwana juu ya kundi. Watu wa Beroya waliposikia mahubiri ya Paulo, tena Paulo mwenyewe, walikwenda kuchunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo, na Biblia ikawasifu. Kama mtumishi wako anaona kuchunguzwa ni uasi basi anajiona mkubwa kuliko Paulo.

Kuna habari moja hatuihubiri mara nyingi, 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu ametoka Yuda, ametumwa Betheli, na ameambiwa na Bwana asile chakula wala asinywe maji kule na asirudi kwa njia aliyojia. Mfalme Yeroboamu anamkaribisha, anakataa. Vizuri. Akiwa njiani kurudi anafuatwa na nabii mzee, anamkuta amekaa chini ya mwaloni, anamwambia na mimi ni nabii kama wewe, malaika ameniambia nikurudishe ule mkate. Na Biblia inaweka wazi, alimdanganya. Yule mtu wa Mungu akarudi, akala, akanywa, na alipotoka simba akamuua barabarani, na simba akabaki amesimama pale kando ya maiti, na punda naye amesimama, hakumla maiti wala hakumrarua punda. Kila nikifika hapo nashangaa maana aliyedanganya hakuuawa na simba, aliuawa aliyejua neno la Mungu akaliacha kwa kuwa mwenye cheo alisema ameambiwa jingine. Hata mfalme hakumwangusha. Kilichomwangusha ni mtumishi mwenzake. Kwa hiyo "niliambiwa na mtumishi" sio kinga.

Na hili sio la zamani tu. Mwaka 2023 kule Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watu wa kanisa, wazazi na watoto, na walionusurika wakaeleza walivyofundishwa kufunga chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wale hawakuwa watu wasiomtaka Mungu. Walikuwa wanataka kutii, na hakuna aliyewaambia kwamba sauti inayokwambia umnyime mtoto uji lazima ipimwe kabla haijafuatwa. Simlinganishi mtumishi wako na wa huko, ila mlango ni uleule, kwamba mtu mmoja akishasema basi Mungu amesema.

Najua na Anania na Safira ameshawahubiria. Wengi wanaitumia hiyo kutoa watu viwanja. Soma Matendo 5:4 mwenyewe, Petro alimwambia Anania kiwanja kilipokuwa kwako kilikuwa chako, na ulipokiuza hela ilikuwa kwenye uwezo wako. Hakufa kwa kutotoa, alifanya uongo mbele za Mungu. Na 2 Wakorintho 9:7 kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Wewe una huzuni, umewekewa lazima, na usingizi huna. Hiyo sadaka imeshakosa sifa kabla hujaitoa.

Cha kufanya: mwambie mumeo yote, leo, pamoja na maneno ya vitisho, kiwanja ni chenu wote wala huwezi kukiuza peke yako. Halafu mwende wawili kwa mtumishi pamoja na mzee wa kanisa mmoja mnayemwamini, mumeo aongee, aseme kiwanja kina kazi ambayo Mungu ameshaiagiza. Kama ni mchungaji kweli atasema samahani, hata mchungaji mzuri anaweza kupitiliza akiwa na deni la ujenzi. Akitamka laana mbele yenu, chukua watoto mtafute kanisa lingine, na Mithali 26:2 inasema laana isiyo na sababu haimpigi mtu. Halafu anzeni msingi wa vile vyumba kabla mvua hazijaanza.

Mama naomba usitaje mkoa. Mimi naimba kwaya, sauti ya tatu, na ninabeti. Nimeapa kuacha zaidi ya nitakavyoweza kuhesabu, nafuta apu, wiki mbili natulia, mshahara ukiingia narudi, mwezi uliopita nimechana mikeka ya laki mbili na mke hajui. Jumapili nasimama mbele naimba nataka kutapika. Je si bora niache kwanza kanisa mpaka nitakapoweza kuacha kubeti, kuliko unafiki huu? – Mwanakwaya

Mwanangu, hapana, usiache kanisa. Kwenye kwaya pumzika kama mwalimu wa kwaya ataona hivyo, lakini kaa kwenye benchi na wewe uhubiriwe. Mnafiki ni yule anayetaka tuamini habeti. Wewe umeandika barua.

Ila nataka nikuulize, ukifuta apu ile akaunti ya kubeti inabaki na salio? Maana najua inabaki. Elfu tano, elfu saba, unasema nikiitoa makato yatakula, acha ikae. 1 Samweli 15 Sauli aliagizwa amalize kila kitu cha Amaleki, akamaliza karibu vyote, akabakiza kondoo na ng'ombe wanono na mfalme wao Agagi. Halafu nabii Samweli alipomjia, Sauli akajisifu nimetimiza amri ya Bwana, na Samweli akamuuliza mbona nasikia mlio wa kondoo masikioni mwangu? Sauli akasema tumewaweka kwa ajili ya dhabihu. Ndipo akaambiwa kutii ni bora kuliko dhabihu. Hiyo elfu saba yako ndo inayolia. Piga huduma kwa wateja uwaambie wafunge akaunti kabisa, sio apu, akaunti, na toka kwenye magrupu ya Telegram ya odds za uhakika.

Jambo la pili, wewe unajaribu kutii umechelewa. Unataka kutii saa tatu usiku, mshahara umeingia, simu mkononi, mechi inaanza, mke amelala. Saa hiyo hata mimi nisingekuwa na matumaini na wewe. Warumi 13:14 Paulo anasema msiuandalie mwili mpaka tamaa zake ziwake, na utii wako wewe ni wa saa nne asubuhi siku ya mshahara, unapomtumia mke wako hela yote unabaki na nauli. Lazima aambiwe kuhusu laki mbili, hilo hulikwepi. Atakasirika na ana haki. Mwambie kabla ya mshahara, usimwambie baada.

Na acha kuapa. Umeapa milele mara nyingi mpaka neno milele halina kazi tena mdomoni mwako. Wana wa Israeli jangwani walipewa mana ya siku ile, waliyobakiza mpaka asubuhi iliota mabuu ikanuka, isipokuwa ile ya kuamkia sabato. Yesu naye Luka 9:23 alisema mtu ajitwike msalaba wake kila siku. Kwa hiyo wewe leo hubeti. Kesho ukiamka tutaongea habari ya kesho. Mtu hakui kwa nadhiri kubwa ya mkesha wa mwaka mpya, anakua kwa Jumanne na Jumatano ambazo hakuna anayempigia makofi, na baada ya muda anashangaa kitu kilichokuwa kinamkaba kooni kimelegea na hajui kililegea lini.

Tafuta mwanaume mmoja, mtu mzima, asiyebeti na asiyeropoka, Yakobo 5:16 imesema muungamane ninyi kwa ninyi na kuombeana. Umpe ruhusa akuulize kila siku ya mshahara, na usimchague rafiki yako mnayefungua mikeka pamoja mkisema mtasaidiana. Ukianguka Jumamosi, mpigie huyo usiku uleule, mke wako umwambie kabla ya kulala, na Jumapili uje kanisani.